Mkaa Mkononi mwa Tantine

Katika ukoo wa Tantine, mtu akifa bila kuacha mtoto huzikwa na kipande cha mkaa mkononi. Mkaa wenyewe ni wa jikoni, umeshazimwa kwa maji. Unawekwa kwenye kiganja cha kulia, vidole vinakunjwa juu yake, na mzee mmoja wa ukoo anamwinamia maiti na kumwambia: umezimika, nenda, usirudi kutafuta watoto wa wenzako. Hufanyika asubuhi, nyumbani, kabla padri hajafika. Padri anajua, nao wanajua kwamba anajua, ndiyo maana siku hizo padri huchelewa kidogo.

Mimi habari hii niliisikia kwake mwenyewe, katika hospitali moja ya Bujumbura, wiki zake za mwisho. Nilikuwa namenya chungwa ambalo sote wawili tulijua hatalila. Akaniambia, kwa sauti ile ile aliyozoea kuniagizia spana:

"Usikubali baniweke makala."

Makala ndio mkaa, huku kwetu. Akanieleza desturi yenyewe kwa ufupi, macho yake yakiwa juu ya dari. Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu hufika kabla ya huruma. Mwanamke aliyesomea uhandisi wa mitambo, aliyekuwa akitufokea mtu akithubutu kusema injini imerogwa, leo amelala hapa anaogopa kipande cha mkaa?

"Tantine, na weye unaamini mambo ya vile?"

"Siamini. Lakini bo banaamini. Bakiniweka ile kitu, batu bote batasema sikuacha mutu hapa duniani." Akageuza uso ukutani. "Nimeacha batu. Si nimeacha?"

Nikamwambia ameacha, tena wengi. Nikamwahidi kwamba mkaa huo hautaingia mkononi mwake maadamu mimi nipo hai. Niliahidi upesi, kama watu wanavyoahidi kando ya kitanda cha mgonjwa, kisha nikamaliza kumenya chungwa na kulila mwenyewe.

Rumonge nzima, mji wetu kando ya Tanganyika, ilimwita Tantine, yaani shangazi, hata wazee waliomzidi umri, na wale waliotaka kumkejeli walimwita Enjeniere. Alizaliwa juu milimani, Bugarama, akasoma, akafanya kazi Bujumbura miaka kadhaa, halafu akafanya jambo ambalo watu wa kwetu hawakulielewa: aliacha ofisi yenye feni na mshahara, akashuka Rumonge kufungua atelie, karakana yake, katika banda bovu lililokuwa la kukamulia mawese, karibu na mahali mitumbwi inaposhusha ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kuta za banda lile zilinuka mafuta mpaka siku lilipoanguka. Humo alitengeneza mashine za kukamulia mawese, vinu vya kusagia, pampu za maji, na betri za taa ambazo wavuvi huwasha ziwani kuwavuta samaki. Na humo, kila Jumamosi, alitufundisha sisi.

Aliokota wabishi. Watoto wapole aliwaacha wabaki wapole. Mimi aliniokota sokoni, nikiwa msichana mwembamba wa miguu michafu, namtukana mtu mzima aliyekuwa amemuuzia baba yangu betri ya taa. Baba alikuwa mvuvi, mtu wa Baraka, Kongo, ng'ambo ya ziwa, mkimya kupita kiasi, na angekubali kuibiwa kuliko kupandisha sauti. Mimi nilikuwa nimeipima betri ile kwa mikono, nikaona ina uzito wa ajabu upande mmoja, nikamwambia yule bwana ameijaza mchanga. Akaniita mtoto wa Kongo asiye na adabu. Nikaibamiza betri kwenye jiwe, mchanga ukamwagika miguuni pake mbele ya watu. Tantine alikuwa amesimama pale na suruali yake ya kazi. Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akauliza mama yangu ni nani.

Mama alikuwa anaanika ndagala. Ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote: kuzitandaza juu ya mchanga alfajiri, kuzigeuza, kufukuza kunguru na kuku, kuziokota mvua ikitisha. Mimi nilikuwa mikono yake ya pili. Tantine alipomwomba aniachie siku ya Jumamosi, mama hakuinua hata kichwa.

"Na samaki nani ataanika?"

"Nitakuja kuanika miye."

Mama alidhani ni mzaha. Jumamosi iliyofuata, jua halijachomoza vizuri, Enjeniere wa mitambo alikuja na ndala zake, akachuchumaa kwenye mchanga, akaanza kutandaza ndagala pamoja na mama ili mimi niwahi atelie. Alifanya hivyo Jumamosi zote, mpaka mdogo wangu alipokua wa kutosha kuchukua nafasi yangu. Mama hakumsifu hata mara moja. Jioni alikuwa anatuambia yule mwanamke anaanika vibaya, anarundika samaki pamoja kama anaficha kitu, nusu yao wanaoza. Lakini nilimwona mara nyingi akimsogezea kikombe cha chai.

Usifikiri alikuwa mtu wa upole. Alikuwa mkali, mkono wake ulirusha vitu, na siku akiwa na njaa alikuwa hasemezeki. Kwenye atelie kulikuwa na neno moja lililokatazwa: hukuruhusiwa kusema mashine imekufa. Ukilisema, ulikabidhiwa kipande kile kibovu ukakaa nacho mapajani mpaka uweze kusema imekosa nini. Nilikaa na pistoni mapajani tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri ilipotoka kule mtaa wa Waislamu, na gauni langu la pekee likaharibika kwa grisi, na nilimchukia kwa roho yangu yote. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba pete za pistoni zimekwisha. Hakunipongeza. Alisema, "Ehe," akaniletea sabuni.

Sheria nyingine ilikuwa hii: ukitengeneza chombo cha mtu, unakitumia wewe mwenyewe siku nzima mbele yake kabla hujakirudisha. Kijana mmoja mwenzetu, mwenye mabega mapana na majivuno yanayolingana nayo, alitengeneza mpini mpya wa mashine ya mawese ya wanawake wawili wajane. Mpini ulikuwa mzuri wa kutazama, umenyooka, amepaka rangi. Tantine akampeleka kwa wale wanawake, akamwambia akamue. Kufika saa sita mchana viganja vyake vilikuwa vimechubuka, jasho na mafuta ya moto vinamtiririka, wale wajane wamekaa pembeni wanakula mihogo na kumchungulia. Kufika jioni alikuwa analia wazi wazi. Alirudi atelie, akaukata mpini ule, akatengeneza mwingine mrefu zaidi wenye kishikio cha kuzunguka. Kijana huyo sasa ana karakana yake Muhuta, na ndiye fundi pekee njia ile ambaye wanawake hawamlalamikii.

Hakuolewa. Hilo watu hawakumsamehe. Walisema amemeza bulo, bolti ya mashine, na tumbo limefunga. Walisema vijana wale anawalea ili wamlishe uzeeni. Na kuna aliyesema, akiwa ameketi kanisani benchi moja naye, kwamba mwanamke anayeshika grisi hawezi kushika mimba. Yeye alijibu mambo ya mashine tu. Nilimuuliza kwa nini hajibu, akasema ana kazi.

Aliyemwumiza kweli alikuwa mama yangu. Nilipomaliza darasa la mwisho alikuja mchumba, mtu mzima mwenye boti mbili, na siku zile zile Tantine akanipatia nafasi katika shule ya ufundi Bujumbura. Nilichagua shule, na sikuchagua kwa adabu. Nilipiga kelele nyumba nzima. Mama alikwenda moja kwa moja sokoni, akamkuta Tantine ananunua chumvi, akamwambia mbele ya wachuuzi wote:

"Weye ulikosa batoto bako, sasa unakula ba benzako."

Mama alikuwa na beseni la ndagala miguuni pake, alitaka kuondoka baada ya kusema, lakini beseni lilikuwa zito na hakuna aliyetaka kumsaidia kulitwika. Tantine akaweka chumvi yake chini, akainama, akalinyanyua lile beseni, akamtwika mama kichwani taratibu, akalishikilia mpaka likatulia. Kisha akaokota chumvi yake akaenda. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili hawakuongea tena, na Rumonge yote ilijua sababu.

Halafu ziwa likapanda. Wanaoishi mbali na Tanganyika wanafikiri maji hujaa kama mafuriko ya mto, yanakuja na kuondoka. Haya yalikuja kidogo kidogo na hayakuondoka. Yalikula mchanga wa mama wa kuanikia, yakala michikichi, yakala safu ya nyumba za chini, watu wakawa wanahamisha milango na mabati kabla ukuta haujalainika. Tantine alikataa kuhama mpaka maji yalipoingia ndani ya atelie. Siku ya kuhamisha mashine alisimama ndani ya maji mpaka kiunoni, anafungua bulo za mota kubwa kwa kupapasa chini ya maji, sisi tunasubiri na kamba. Alikataa tumsaidie. Alipotoka, midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na alikaa juu ya tofali akishika tumbo chini ya kitovu. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa anaumwa muda mrefu na amekaa kimya.

Tungemwahisha hospitali, labda angepona. Silijui hilo na halinitoki kichwani. Ilikuwa miezi ile ambayo esanse, yaani petroli, haikupatikana nchini, magari yamepanga mstari kwenye stesheni mpaka madereva wanapika chakula kando ya barabara. Nilizunguka Rumonge nzima kutafuta gari lenye mafuta. Wenye magari walikuwa watu aliowatengenezea vitu vyao, na walinionyesha matangi matupu kwa aibu ya kweli. Mwishowe tulipata lori la mihogo linalokwenda Bujumbura. Tulimlaza mbele kando ya dereva, mimi nimemshika kichwa. Barabara ile ya kando ya ziwa inapita Muhuta na Kabezi, mahali pengine maji yamelamba lami, na lori lilikwenda polepole mno. Karibu na Kabezi alifumbua macho akamwambia dereva kwamba klachi yake inateleza. Dereva akasema ndiyo, Tantine, inateleza. Daktari alituambia uvimbe ulikuwa kwenye mji wa mimba na ulikuwa umeshasambaa. Niliona aibu kwa niaba ya dunia nzima, kwa sababu nilijua tayari watu watasema nini, na walisema.

Alikufa mchana, watu wa vitanda vya jirani wakila chakula chao.

Mwili ulipandishwa Bugarama, nyumbani kwa kaka yake mkubwa, mkulima mwenye ndevu nyeupe na miguu iliyopasuka. Tulipanda sisi wote wa atelie ambao tuliweza kufika: wenye karakana zao, wenye kazi serikalini, waliotoka Tanzania walikokimbilia, na wadogo ambao bado walikuwa wanakuja Jumamosi. Wengi walikuja na mama zao. Mama yangu alikuja pia, kwa lori jingine, bila kuniambia. Alikaa kwenye ukingo wa baraza na kitenge chake cha sokoni, mikono mapajani, hatazami mtu.

Asubuhi kaka mtu akatoka jikoni na kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Nilijua ni nini. Nikaenda nikasimama kati yake na jeneza, ambalo kifuniko chake kilikuwa bado hakijapigiliwa, nikasema hautaingia.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno makali ya kutosha kijiji kizima. Lakini yule mzee alikuwa analia. Alizungumza Kirundi, taratibu, na maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili:

"Mwanangu, nampenda dada yangu kuliko unavyofikiri. Lakini nina wajukuu ndani ya nyumba hii. Mwanamke aliyekwenda na hamu ya mtoto hurudi. Akirudi, ataanzia mlango gani? Ataanzia huu."

"Ana watoto. Tazama. Sisi wote hapa."

"Basi nionyesheni mmoja."

Wakaanza kusemezana, wazee upande wao na sisi upande wetu, sauti zikapanda. Aliyeamua alikuwa shangazi yao, bibi kizee aliyelazwa kwenye mkeka, ambaye tulidhani hasikii. Alisema mwanamke anaweza kupewa mtoto hata akiwa ndani ya jeneza, zamani ilifanyika. Lakini mtoto hajitoi mwenyewe. Anatolewa na mama aliyemzaa, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Na akishatolewa ametolewa.

Nikaona tumeshinda, kwa muda mfupi sana. Yatima kati yetu walijitokeza kwanza, kwa moyo wote, wakaambiwa hapana, mama zao wako huko huko kwa wafu, na mtoto hawezi kuwa na mama wawili huko. Wavulana wakakataliwa na kaka mtu, safari hii kwa ukali, kwa sababu mtoto wa kiume akiingia katika ukoo kesho anauliza habari ya shamba. Wakabaki wasichana wenye mama walio hai. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sitalisahau: wale mama, mmoja mmoja, wakiwakamata mabinti zao mkono. Hawakuwa wabaya. Watoto wao walisomeshwa na yule aliyelala pale, walivaa na walikula kwa sababu yake, na nina hakika kila mmoja alikuwa anamlilia. Lakini kutamka mbele ya maiti kwamba mtoto wako ni wa maiti, nani atatamka? Mmoja alimvuta binti yake mpaka barabarani kabisa, binti amevaa shati lenye alama ya kampuni anakofanyia kazi, anaburutwa kama mtoto wa chekechea.

Watu wakaondoa macho kwao, wakanitazama mimi. Halafu wakamtazama mama yangu. Na wote waliotoka Rumonge wakatazama chini, kwa sababu walikumbuka lile neno la sokoni.

Nami nilimtazama. Macho yangu yalimwomba, na yalimwomba kwa nguvu.

Mama akainuka. Alikuja mpaka kwenye jeneza, akachungulia ndani muda mrefu. Uso wa Tantine ulikuwa umekonda, wamemfunga kitambaa cheupe ambacho hangekubali kukivaa. Mama akasema, kama anazungumza na mtu wa jirani:

"Alikuwa anaanika vibaya."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mama akageuka kwa kaka mtu.

"Huyu mutoto nilimuzaa miye. Sasa ni wake."

Mzee alimtazama kwa mashaka. Akamwuliza kama anajua anachosema.

"Miye sio mutoto mudogo. Nimesema ni wake."

Akafungua kitenge kilichokuwa kiunoni mwake juu ya gauni, akanifunga nacho kiunoni, akakaza fundo kwa nguvu kama alivyokuwa akinifanyia zamani nikienda shule, kisha akanisukuma kwa viganja viwili mgongoni mpaka nikagusa ubao wa jeneza. Kaka mtu akalitupa lile jani na mkaa wake nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Wanawake wa ukoo wakanipa nafasi katikati yao. Padri alipofika alinikuta nimekaa mahali pa mtoto wa marehemu, na mkono wa Tantine ulikuwa mtupu, vidole vimenyooka.

Nilifurahi. Nilifurahi pale pale, mbele ya maiti, huku nalia. Niliona nimetimiza ahadi na tumewashinda, na mama yangu mkaidi amefanya jambo kubwa kuliko wote. Nilitaka kumkumbatia. Lakini wakati wa kushuka alipanda lori jingine.

Nilipofika nyumbani nikaita, "Mama." Hakuitika. Nikafikiri amechoka. Akaniwekea chakula kwenye sahani ya maua, ile ya wageni, akanisogezea kiti. Nikacheka, nikamwita tena. Hakuitika. Akaniambia, "Karibu chakula," kwa sauti ya heshima ambayo sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwangu.

Nilipoelewa, nilipiga kelele. Nilimwambia yale yalikuwa maneno tu, ya kuwaridhisha wazee wale, na Tantine mwenyewe hakuamini hata nusu yake. Mama alisubiri nimalize. Aliniambia mara moja tu, na hajarudia tena mpaka leo:

"Yeye hakuamini, sawa. Na miye? Uliniomba na macho mbele ya batu bote. Ulifikiri nilikuwa nacheza? Ule mwanamuke nilimutukana, akaninyanyulia beseni. Makala, hapana, singekubali bamuweke. Basi nilimupa kitu ya kweli. Nikikuita wangu tena, tumemudanganya. Na akikuja kudai, hatakuja kwangu. Atakuja kwako."

Akachukua sahani, akaenda kuosha.

Nilidhani ni jambo la wiki. Nilidhani ni la mwaka. Mama hajalegeza. Hanitendei ubaya wowote, na laiti angenitendea. Nikienda na unga au sabuni anapokea kwa mikono miwili na kusema murakoze, murakoze cane, asante sana ya kumpa mgeni. Ananiuliza safari ilikuwaje. Sokoni, mtu mgeni akimuuliza, anasema mimi ni mtoto wa marehemu Enjeniere, na anaongeza kwamba marehemu alikuwa mtu wa maana. Majirani walimcheka mwanzoni, wakamsihi baadaye, sasa wamezoea. Wadogo zangu wanamwita mama mbele yangu na mimi natazama pembeni. Kwa upande mwingine, kule Bugarama, kaka wa Tantine hunitumia ndizi na maharage, na kwenye harusi zao naitwa kupiga picha na familia. Wananipenda, na sijui nifanye nini na mapenzi yao.

Atelie niliifungua tena mtaa wa juu, mbali na maji. Jumamosi vijana wanakuja, wabishi wengi zaidi kuliko zamani, na nimekuwa mkali kuliko yeye. Naambiwa pia kwamba nakosa upole. Hilo silibishi.

Mwaka huu nimejifungua. Msichana. Kwa kawaida yetu mama ndiye huja kumkanda binti yake tumbo kwa maji ya moto, kumpikia uji, kumwogesha mtoto siku za kwanza. Nilisubiri kwenye kitanda cha zahanati, pazia limefungwa, na nilikuwa nasikiliza kila ndala iliyopita kwenye korido. Alikuja adhuhuri. Nilimjua kwa kikohozi. Alisimama nje ya pazia, akamwuliza muuguzi kama mtoto ni mzima, kama amelia vizuri, kama mzazi amepoteza damu nyingi. Muuguzi alimjibu yote, halafu akamwuliza:

"Weye uko nani yake?"

Nikainua kichwa kwenye mto.

"Jirani," mama alisema. "Miye ni jirani tu. Umupe uji bado iko moto."

Nilitaka kumwita. Mimi ninayefungua injini na kuzifunga, nisiyeogopa wachawi wala wafu, nilikuwa na neno moja tu la kusema, naye angekuwa ndani ya pazia hilo. Mtoto alikuwa ananyonya, macho yamefumba. Nikamtazama utosini, pale palipokuwa panapiga, nikamkumbuka yule anayeweza kuja kwangu kudai, nikaogopa, nikafunga mdomo mpaka ndala zake zikaisha kusikika kwenye korido.